Muziki wa Mji wa Chumvi

Dama amezikwa Jumatano kwao, upande wa Marereni, na mimi sikwenda. Nilisema miguu. Miguu yaniuma kweli, sisemi uongo, lakini mwezi uliopita niliipeleka miguu hiyo hiyo harusini Likoni, ikapanda feri ikaenda na ikarudi. Kadzo, bintiye Dama, ndiye aliyenipigia simu. Baada ya shikamoo na kupeana pole akaniambia, "Mama Mwana, kuna jambo nataka kukuuliza. Mama alikuwa na wimbo wake, hauna maneno, auimba kwa pua tu. Ametubembeleza nao sote, na wajukuu pia. Siku zake za mwisho tukamuuliza umetoka wapi, akasema muulizeni Mwana, yeye aujua. Sasa twataka kuuimba kwenye matanga, na wazee wauliza ni wimbo gani huo." Akaniimbia kidogo pale pale kwenye simu, kwa pua, kama alivyomsikia mamake. Hakufika katikati nikawa nimeshaujua. Nikamwambia, "Ngoja nikumbuke, mwanangu. Nitakupigia." Sijampigia.

Mimi chuoni nilifika juzuu ya tatu, na shule nikaachia darasa la nne, kwa hivyo atakayesoma haya anivumilie nikipotea njia. Napotea sana. Hata kwenye yale magemu nilikuwa napotea, na nitayaeleza, maana wimbo ule watoka humo. Kadzo adhani mamake aliuokota kanisani, au kwa bibi zake. La. Umetoka kwenye kaseti ya plastiki iliyotoka Japani, na Dama hakuwahi hata kuiona picha yake.

Mwaka ninaousema ni katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na nilikuwa mjane. Tulikaa Mtopanga, nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati na uani nyuma, na kuta zenyewe hazikufika kwenye mabati. Zilisimama pale zilipochoka. Ukipiga chafya chumba cha kwanza, wa chumba cha sita wakwambia afya. Chumba chetu kilikuwa cha tatu mkono wa kushoto. Kitanda cha futi tano kwa sita, kabati la vioo lenye vikombe visivyonywewa, na televisheni iliyofunikwa kitambaa cha kufuma. Chini ya televisheni ndipo ilipokaa ile mashine ya gemu, ya rangi ya jivu, na nyaya zake mbili kama masharubu ya kambare. Mume wangu Salimu alikuwa baharia. Katika miaka miwili ya ndoa nilikuwa naye miezi mitano, ukiunganisha vipande, na katika miezi hiyo mgongo wake nauona kuliko uso, kwa sababu alikaa mkekani mbele ya ile mashine na mimi nikakaa nyuma yake na sahani. "Usiguse," alikuwa akiniambia. Sikugusa. Nilitazama tu, na kutazama kwafundisha kuliko watu wanavyodhani. Alipokufa huko bandari ya watu, wakamzika huko huko, mimi nikaletewa sanduku la nguo na kaseti mbili.

Eda ya kufiwa ni miezi minne na siku kumi. Nikavaa nyeupe, nikaacha wanja na marashi, nikakaa ndani. Shangazi yake Salimu, Bi Tima, akaja kukaa nami ili nisiwe peke yangu. Wiki za kwanza watu ni wengi, visomo, sinia za wali, kila mtu akwambia subira. Wiki ya nne hakuna mtu. Ni mimi, Bi Tima, na ukuta. Basi siku moja baada ya adhuhuri nikakiondoa kile kitambaa cha kufuma nikawasha. Nilimtazama Bi Tima kwa jicho la pembeni. Yeye alikuwa anachambua mchele. Akasema, "Wewe ulikatazwa kutembea. Hicho chatembea chenyewe." Tukaelewana.

Sasa yale magemu. Yalikuwa mawili, na maandishi yake ya Kijapani, jambo lililonipa haki sawa na waliosoma. Hayo si ya kupiga piga tu dakika tano ukafa. Ni ya safari. Una mtu wako, wamtoa kijijini kwao hajui kitu, anapigana na madude njiani, anakuwa na nguvu kidogo kidogo, ananunua upanga, anakwenda mji wa pili, wa tatu, mpaka siku moja akutane na lile dude kubwa lililoharibu dunia. Ukichoka waweka rekodi, na kesho waanza ulipoachia. La kwanza niliita Ya Zamu. Ukikutana na adui kila kitu chasimama. Wewe wachagua pigo lako, wapiga, halafu wangoja naye apige lake. La pili niliita Ya Upanga. Humo hakuna kungoja. Watembea na upanga mkononi, na anayekuja aja, na dole gumba lako likichelewa umekwisha.

Mimi nilipenda Ya Upanga, na si kwa sababu ya vita vyake. Vita vyake nilivichukia, vilinitoa jasho nikiwa nimekaa. Nilipenda ile dunia. Nataka mtu aelewe kwamba nilikuwa sijapita mlango wa mbele siku arubaini. Humo ndani kulikuwa na miji, na kila mji ulikuwa na mambo yake. Mmoja wa wavuvi, nyavu zimeanikwa, paka yuko juu ya pipa. Mmoja una daraja la kamba na ukipita latoa mlio. Kuna maporomoko ya maji, na ukipita nyuma yake kuna pango, na pangoni kuna bibi kizee ambaye hakupi kitu chochote, yuko tu. Mtu alikaa Japani akafikiria, hapa nyuma ya maji niweke bibi kizee asiye na kazi. Nilimheshimu mtu huyo. Ya Zamu haikuwa hivyo. Miji yake ilikuwa kama zile kota za Changamwe, ukiingia nyumba moja umeziingia zote. Mfalme yule yule, kiti kile kile, mtungi ule ule pembeni.

Bi Tima alikuwa na lake dhidi ya yote mawili. Katika magemu hayo mtu wako aingia nyumba za watu anavyotaka. Asukuma mlango, apita mbele ya mke wa mtu, afungua kabati, achukua dawa, atoka. "Huyu mwanamume hana hodi?" Bi Tima aliuliza siku ya kwanza, mchele umesimama mkononi. "Yuwaingia tu? Na yule mwanamke yuwamtazama tu?"

"Ni gemu, Bi Tima."

"Gemu ya wezi. Wallahi, mtu asiyepiga hodi hawezi kuokoa dunia."

Dama alikuwa chumba cha nne, ukuta mmoja na sisi. Mgiriama, mrefu, meno yake ya mbele yana mwanya, na mikono yake yanukia bizari siku zote kwa sababu alikaanga viazi vya karai barabarani. Viazi vyake sijala mfano wake hadi leo. Unga wenyewe ulikuwa mwepesi kama ngozi ya kitunguu, na ukwaju wake aliukamua mwenyewe, hakutia maji mengi kama hawa wa sasa. Alasiri akishauza alikuwa akija na vile vilivyobaki kwenye gazeti, apiga hodi, Bi Tima asema karibu, tunakula, halafu yeye achukua Ya Zamu na mimi nachukua Ya Upanga, nusu saa nusu saa, na tunabishana.

"Shoga, hiyo yako ni fujo," alikuwa akiniambia. "Mtu atembea, apigwa kisogoni. Hata hajui kwa nini."

"Na yako? Wasimama kama mlingoti wangoja kupigwa."

"Nangoja, ndiyo. Lakini naye angoja. Tazama. Huyu ampiga mwenzake, halafu asimama, asema haya, zamu yako. Ushawahi kumuona mwanamume wa hivyo?"

Bi Tima akacheka mpaka akashika mbavu. Dama hakucheka sana.

Alikuwa na namna yake ya kucheza iliyonikera. Nje ya kijiji cha kwanza kuna daraja, na karibu na daraja kuna vidude vya bluu, laini kama ute wa yai, ambavyo mtoto mchanga avipiga. Dama alikaa pale. Wiki kwa wiki, apiga vidude vya bluu, aongeza nguvu, arudi kijijini alala, arudi darajani. Hakuvuka. Nilimwambia, "Dama, dunia yote iko ng'ambo, na wewe wakaa hapa na hawa?" Akasema, "Sitoki hapa mpaka niwe sipigiki." Nikamcheka. Nikamwambia ndiyo sababu ya gemu yako kuwa mbaya, yawafundisha watu woga. Nilikuwa najua sana mwaka ule.

Mume wake, Karisa, alikuwa kibarua wa kubeba bandarini. Siku akipata kazi arudi jioni, kimya, ala, alala. Siku akikosa arudi mapema. Sisi sote nyumba ile tulijua siku ya kukosa kwa sauti ya sahani. Kwanza sahani ya bati yaanguka, halafu maneno, halafu yale mengine. Na kuta, nimesema, hazikufika juu. Sikwambii kwamba hatukusikia. Bi Tima alikuwa akiinua sauti ya tasbihi yake. Mke wa mwenye nyumba alifungulia mfereji uani. Mimi nilikuwa na kile kitufe cha sauti cha televisheni, nakizungusha. Wa chumba cha kwanza walikuwa watu wazima, wa kuheshimika, nao walisema ya mume na mke ni ya mume na mke. Kesho yake alasiri Dama yuaja na viazi, hodi, karibu, na kama jicho limevimba Bi Tima amwambia, "Tia barafu, mwanangu," na mimi nampa aanze yeye. Hiyo ndiyo iliyokuwa huruma yangu. Nampa zamu ya kwanza.

Siku yenyewe zilikuwa zimebaki wiki tatu nimalize eda. Bi Tima alikuwa amekwenda kliniki ya macho, nikawa peke yangu, mlango nimetia komeo kama inavyopasa. Tangu asubuhi niko na Ya Upanga. Nilikuwa nimepanda mlima ambao Salimu hakuupanda, rekodi yake ilikomea chini, kwa hivyo kila hatua ilikuwa yangu, hakuna mgongo wa mtu mbele yangu. Nikatokea kwenye mji ambao sijauona. Mji mweupe. Paa nyeupe, miti myeupe, njia nyeupe, na ukitembea nyayo zabaki. Mimi nikajua ni chumvi. Dama alikuwa amenihadithia zile chungu za chumvi za kwao, zilivyosimama juani mpaka macho yauma, na nikajisemea alasiri akija nimuonyeshe, tazama, kwenu kumetiwa kwenye gemu. Ilipita miaka nikaambiwa ni theluji. Na ule mji ulikuwa na muziki wake. Taratibu, kama mtu anayegonga glasi kwa kijiko chumba cha mbali. Nilisimama sichezi, nausikiliza tu.

Sahani ikaanguka.

Ilikuwa saa nane mchana. Karisa alikuwa amekosa. Nikasikia maneno, nikasikia yale mengine, na yalikuwa makubwa kuliko siku zote. Mkono wangu ukaenda kwenye kitufe wenyewe. Nikaongeza. Ule muziki ukajaa chumba. Langoni mwa mji kulikuwa na dude, nyani mweupe mkubwa, na lazima umuue ndipo uweke rekodi, na mimi tangu asubuhi sijaweka. Nikaanza naye. Mara mlango wangu ukapigwa kwa kiganja.

"Hodi. Mwana, hodi. Nifungulie."

Nikasikia mlango wa chumba cha nne nao wafunguka nyuma yake.

"Mwana. Dada. Hodi."

Nikasema, bila kuinuka, "Niko eda, Dama. Na mume wako yuko hapo ukumbini. Siwezi kufungulia mwanamume."

Akasema, "Haya." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyeambiwa unga umekwisha dukani. Halafu nikasikia miguu, na kitu kikagonga ukuta wa ukumbi, na mara moja tu nikasikia sauti yake, ambayo sitaiandika.

Na sasa lile ambalo sikumwambia Bi Tima, wala mume wangu wa pili, wala mtu yeyote. Mashine ile ina kidude cha kusimamisha. Ukikibonyeza, yule nyani abaki mkono juu, na upanga wako uko hewani, na waweza kwenda ukaoga, ukaswali, ukapika, ukarudi ukawakuta vile vile wakikungoja. Nilikijua. Nilikuwa nakibonyeza kila ikiadhiniwa. Siku ile sikukibonyeza. Nilimuua yule nyani, nikaweka rekodi, ndipo nikainuka nikachungulia dirishani. Dama alikuwa anatoka kwa mlango wa mbele, leso moja, miguu mitupu, kiganja kimeshika sikio, na kati ya vidole damu. Watu wa barabarani walimpisha. Hakurudi tena nyumba ile.

Nilipotoka eda, nikaoga, nikavaa rangi, nikaenda kwa mwalimu wa kike aliyetufundisha chuoni. Nikamuuliza, kama habari ya mtu mwingine, mjane akiitwa mlangoni na mtu anayepigwa, afanyeje. Akanitazama. Akasema, nyumba ikishika moto mjane atoka. Akiogopea nafsi atoka. "Na huyo," akasema, "wala hakuambiwa atoke. Kaambiwa afungue. Nani kamwambia kufungua mlango ni kutoka?" Nikasema sijui, ni mtu wa mbali. Nikarudi nyumbani. Sikuwa na hamu na Ya Upanga. Nikatia Ya Zamu, nikafungua rekodi ya Dama. Yule mtu wake alikuwa pale pale darajani. Nikamvusha. Wallahi sijaona nguvu kama ile. Majoka, majitu, mashetani, kila mmoja pigo moja. Lile dude la mwisho lililomuua Salimu mara nyingi akatukana, nalo mapigo matatu. Halafu majina ya Wajapani yakapita, yakapita, kikawa kiza.

Tulikutana tena soko la Kongowea, imepita kama miaka kumi. Niliitwa kwa jina, nikageuka, yuko nyuma ya fungu la nazi, amenenepa kidogo, mwanya ni ule ule. Alikuwa na mume mwingine, mtu mzuri, alisema, na watoto, na Kadzo mdogo amekaa juu ya gunia. Nilianza kusema sijui nini upande wa kulia akanivuta mkono. "Pita huku. Sikio hilo lishakufa." Nikapita upande wa kushoto. Tukaulizana hali. Tukamsikitikia Bi Tima, Mungu amrehemu. Mimi nangoja aliseme, na nimeshatayarisha maneno yangu tangu zamani, eda, sheria, umri wangu. Hakulisema.

"Na yule wangu," akaniuliza, "pale darajani?"

"Nilimvusha."

"Alipigika?"

"Hakupigika."

"Nilikwambia," akasema, akacheka, akachukua nazi akaigonga kwa kisu asikie kama nzima. Akaigeuza, akaigonga tena. Na huku agonga akawa aimba kwa pua, taratibu, kama mtu anayegonga glasi kwa kijiko chumba cha mbali. Wimbo mzima, mwanzo mpaka unaporudi. Nikakitua kikapu changu chini. Kwa sababu Dama mji ule hakuuona. Mimi mwenyewe niliufikia siku ile, saa ile, mlango wangu una komeo. Kabla ya hapo muziki huo haukuwahi kulia nyumba ile, na baada ya hapo hakuwako. Alikuwa ameusikia kwa juu ya ukuta, akiwa chini. Alisikia ulivyopanda sauti.

Akanichagulia nazi mbili nzuri, akazitia kwenye kikapu changu. "Za bure hizo," akasema. "Wewe ni mtu wangu." Akaniangalia, na mimi nikaangalia nazi. Tumekutana mara tatu nne baada ya hapo, harusini, hospitalini, na kila mara nilikuwa na haraka.

Kadzo amepiga leo asubuhi. Nilikuwa nachambua mchele, simu iko mezani, nikaona jina lake. Ikalia, ikanyamaza. Nikafikiria nimwambie, wimbo huo ni wa mji mweupe, wa chumvi, kama kwenu. Ingekuwa kweli, na wangeuimba vizuri. Ikalia tena. Redio ilikuwa inasoma habari za vifo. Nikanyoosha mkono, nikaongeza sauti.